Kadi Imetumiwa na Mwizi: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Hasara, Kudai Fedha na Kusafisha Akaunti

Mtu anapoona katika taarifa ya kadi yake malipo asiyoyatambua, wazo la kwanza humjia la kuipigia benki simu ili kadi ifungwe, na hapo hajakosea. Kosa huja baadaye, pale kadi mpya inapofika naye akadhani kwamba shughuli imekwisha. Kadi ndiyo sehemu nyepesi ya tatizo hili, kwa kuwa benki inaweza kuifuta na kutoa nyingine. Kazi ngumu ni kujua namba zake zilivuja wapi, ni taarifa gani nyingine zilitoka pamoja nazo, na nani bado ana njia ya kuingia katika akaunti zako. Hatua zilizomo humu zimepangwa kwa kufuata uharaka: jambo linaloweza kukuza hasara ndani ya saa chache linatangulia, na lile linaloweza kusubiri siku kadhaa linafuata.

Kwanza tambua unachokiona

Si kila malipo ya ajabu ni wizi. Jina linaloonekana kwenye taarifa mara nyingi si jina la duka ulilolijua, bali ni la kampuni mama au la kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya duka hilo. Hoteli, vituo vya mafuta na wakodishaji wa magari huzuia kwanza kiasi kikubwa kuliko bei halisi, kisha tofauti huachiliwa baada ya siku chache. Huduma uliyoijaribu bure huanza kutoza muda wa majaribio unapokwisha, na wakati mwingine aliyelipa ni mtu wa nyumbani anayeitumia kadi hiyo hiyo. Jiulize haya kwa dakika chache tu, na wakati unajiuliza, ifunge kadi kwa muda kupitia programu ya benki ikiwa ina kitufe hicho, kwa sababu kuifungua tena ni jambo la sekunde.

Kiasi kidogo kisikupumbaze. Wezi wanaponunua namba za kadi kwa maelfu, huzijaribu kwanza kwa malipo madogo mno ili kujua zipi bado zinafanya kazi, na mashirika yanayopokea michango mitandaoni hutumiwa sana kwa majaribio hayo. Malipo ya kiasi ambacho usingeinama kukiokota yanaweza kuwa ndiyo onyo pekee utakalolipata kabla ya ununuzi mkubwa.

Hatua ya kwanza: simu ya benki, na mambo ambayo wengi husahau kuyaomba

Tumia namba iliyoandikwa nyuma ya kadi au iliyomo ndani ya programu rasmi ya benki, wala usitumie namba iliyokuja kwa ujumbe au iliyotokea juu katika matokeo ya utafutaji. Ikiwa ni wewe uliyepigiwa na mtu anayejiita mtumishi wa kitengo cha ulaghai, kata simu na upige mwenyewe. Katika simu za mezani mpigaji aliweza kuubakiza mstari wazi hata baada ya wewe kuweka mkono wa simu, kwa hiyo ni heri kutumia simu nyingine kabisa. Benki ya kweli haikuombi namba ya siri ya kadi, haikuombi umsomee mtu msimbo wa uthibitisho uliotumiwa, na kamwe haikuambii uhamishe fedha zako kwenda kwenye kinachoitwa akaunti salama.

Ukishampata mhudumu, sema waziwazi kwamba kadi imetumiwa kwa ulaghai na kwamba unataka namba yake ifutwe. Ukiomba kadi mbadala kwa maelezo ya kwamba ile ya zamani imeharibika, unaweza kuletewa plastiki mpya yenye namba ile ile. Kisha uliza kuhusu tokeni. Kadi inapowekwa ndani ya simu kwa ajili ya malipo, simu haitunzi namba yenyewe bali hupewa namba mbadala, yaani tokeni, na tokeni hiyo inaweza kuendelea kufanya kazi hata kadi ikibadilishwa, kwa kuwa benki huihamishia kwenye kadi mpya. Mwizi aliyekurubuni ukampa msimbo mmoja tu huenda tayari ameiweka kadi yako katika simu yake. Muulize mhudumu ni vifaa vingapi vimeunganishwa na kadi hiyo, na uombe viondolewe vyote. Chako utakiunganisha upya.

Jambo lingine linahusu malipo ya kujirudia. Visa na Mastercard zina huduma zinazowapelekea wafanyabiashara namba mpya ya kadi moja kwa moja ili usajili wa wateja usikatike. Huduma hiyo ni nzuri kwa mteja mwaminifu, lakini usajili uliofunguliwa na mwizi nao unaweza kukufuata kwenye kadi mpya, na ndiyo sababu watu hushangaa kuona tozo ile ile ikirudi mwezi unaofuata. Omba tozo husika izuiwe kwa jina la mfanyabiashara, na uliza kama kadi yako inaweza kuondolewa kwenye usasishaji huo.

Kabla ya kukata simu, mwombe mhudumu akague kama kuna mtu aliyebadilisha namba yako ya simu, barua pepe au anwani, aliyeomba kadi ya ziada, aliyepandisha ukomo wa matumizi, au aliyeongeza mpokeaji mpya wa fedha. Andika saa, jina la mhudumu na namba ya kumbukumbu ya shauri lako. Bila namba hiyo, kila utakapopiga simu utaanza kueleza upya.

Hatua ya pili: barua pepe na laini ya simu kabla ya kitu kingine chochote

Karibu kila akaunti uliyonayo inaweza kufunguliwa na mtu anayesoma barua pepe yako au anayepokea ujumbe wako wa simu, kwa sababu huko ndiko viungo vya kubadilisha nywila na misimbo ya uthibitisho hutumwa. Kubadilisha nywila ya benki huku barua pepe iko mikononi mwa mwizi ni kuteka maji kwa pakacha.

Kama unashuku kwamba kompyuta au simu yako imepandikizwa programu hasidi, fanya kazi hii kwenye kifaa kingine unachokiamini. Badilisha nywila ya barua pepe, kisha tumia chaguo la kuondoka kwenye vifaa vyote, kwa kuwa nywila mpya si lazima imtoe mtu aliyekwisha kuingia. Kagua anwani na namba za simu za kurejesha akaunti. Halafu fungua mipangilio ya vichujio na ya kuelekeza barua kwingine, mahali ambapo watu wengi hawajawahi kupatazama: wezi hupenda kuweka kanuni inayotupa barua zote za benki kwenye takataka au kuzipeleka kwenye anwani yao. Ondoa pia programu za nje ulizoziruhusu kusoma barua zako na huzikumbuki.

Dalili moja inastahili kutajwa peke yake. Sanduku lako likifurika ghafla mamia ya barua za kujiandikisha kwenye majarida na tovuti usizozijua, usizifute zote kwa hasira. Mara nyingi mafuriko hayo yametengenezwa ili kuficha barua moja ya kweli, kama vile uthibitisho wa ununuzi au taarifa ya kubadilishwa kwa nywila. Tafuta humo jina la benki yako na majina ya maduka unayonunua.

Kwa upande wa simu, mtandao ukipotea ghafla mahali ambapo kwa kawaida upo, na simu nyingine za mtandao huo huo zinafanya kazi, huenda laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu (SIM). Wasiliana na kampuni ya simu mara moja kwa njia nyingine, uirudishe laini, na uombe iwekewe namba ya siri au kizuizi cha kubadilishwa. Iarifu na benki, kwa kuwa kila msimbo uliotumwa katika muda huo ulimfikia mtu mwingine.

Baada ya hapo ndipo zifuate nywila za benki, pochi za mtandaoni na maduka yote yaliyohifadhi kadi yako. Kila akaunti iwe na nywila yake, kwani nywila iliyoibwa kwenye tovuti moja hujaribiwa na mitambo kwenye mamia ya tovuti nyingine. Programu ya kutunza nywila itakuondolea mzigo wa kuzikumbuka. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, hukuonyesha bila malipo kama anwani yako imo katika uvujaji unaojulikana. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na pale unapopewa chaguo, chagua programu ya misimbo badala ya ujumbe mfupi. Bora kuliko zote mbili ni funguo za siri zinazotunzwa na kifaa chenyewe (passkeys), kwa sababu zimefungwa kwenye anwani halisi ya tovuti na haziwezi kusomwa kwenye ukurasa bandia.

Hatua ya tatu: pingamizi la maandishi

Simu hufunga kadi, lakini haki yako ya kurejeshewa fedha mara nyingi husimama juu ya maandishi na juu ya muda. Malipo yanayoonekana bado yanasubiri, kwa kawaida hayawezi kuwekewa pingamizi rasmi mpaka yakamilike; yataje katika simu ya kwanza, kisha uyafuatilie siku chache baadaye.

Muda una uzito kuliko wengi wanavyodhani, na tofauti kati ya kadi ya mkopo na kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti ni kubwa. Sheria ya Marekani inaonyesha jambo hili vizuri. Kwa kadi ya mkopo, mteja hawezi kubebeshwa zaidi ya dola 50 za matumizi asiyoyaidhinisha, na barua ya kulalamikia kosa la bili inapaswa kuifikia benki ndani ya siku 60 tangu taarifa yenye kosa ilipotumwa. Kwa kadi ya akaunti iliyopotea au kuibwa, kikomo ni dola 50 ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi baada ya kugundua, kinapanda hadi dola 500 ukichelewa, na ukipitisha siku 60 tangu taarifa ya akaunti ilipotumwa unaweza kupoteza chochote kitakachochukuliwa baada ya hapo. Katika Umoja wa Ulaya mwenye kadi anatakiwa kutoa taarifa bila kukawia na kwa vyovyote ndani ya miezi 13, na sehemu yake ya hasara kwa kawaida haizidi euro 50 isipokuwa kama amefanya uzembe mkubwa au ulaghai. Soma sheria ya mahali ulipo pamoja na mkataba wa kadi yako, lakini ishi kana kwamba una siku mbili tu.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Inaweza kusomeka hivi: "Ninaweka pingamizi dhidi ya miamala ifuatayo katika kadi inayoishia na tarakimu fulani. Sikuifanya, sikumruhusu mtu yeyote kuifanya, na sikupokea bidhaa wala huduma yoyote kutokana nayo. Niligundua tarehe fulani na nikatoa taarifa kwa simu siku hiyo hiyo, kumbukumbu namba fulani. Naomba kiasi chote kirejeshwe pamoja na ada na riba zilizotokana nacho, na nijibiwe kwa maandishi." Orodhesha kila muamala kwa tarehe, jina na kiasi. Ambatisha picha za skrini, usitume nakala halisi za nyaraka, na usiandike namba nzima ya kadi katika barua pepe.

Kuna neno moja ambalo madai mengi huangukia, nalo ni idhini. Kama namba zako ziliibwa na kutumiwa, muamala haukuidhinishwa, na msimamo wako ni imara. Kama ulidanganywa ukabonyeza mwenyewe kitufe cha kutuma fedha, benki nyingi zitasema kwamba uliidhinisha, na sheria nyingi huliweka shauri hilo katika fungu jingine. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki zinalazimika kuwarejeshea wengi wa waathirika wa uhamisho wa aina hiyo unaofanyika ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, lakini kwingineko ulinzi kama huo ni haba. Usidanganye ili kuingia katika fungu bora, kwa sababu benki ina kumbukumbu za kifaa kilichotumika na msimbo ulioingizwa, na uongo mmoja utaliua dai zima. Eleza kwa usahihi kilichotokea: nani alijifanya nani, alisema nini, na wewe ulidhani unathibitisha kitu gani. Mtu aliyesoma msimbo akiamini kwamba anafuta malipo hakuwa na nia ya kulipa, na tofauti hiyo inastahili kuandikwa.

Vivyo hivyo, duka lililochukua fedha na kukataa kuleta mzigo ni mgogoro na mfanyabiashara, si wizi wa kadi. Benki ina utaratibu wa kuvuta malipo ya namna hiyo pia, ila unahitaji ushahidi mwingine, yaani oda, mawasiliano na ahadi ya tarehe. Ukichagua kisanduku kisicho sahihi kwenye fomu, dai halali linaweza kukataliwa.

Fedha zikirudi mapema, uliza kama marejesho hayo ni ya muda, kwa kuwa benki inaweza kuyachukua tena uchunguzi ukikamilika. Yaache yalipo. Endelea kulipa sehemu ya bili isiyo na mgogoro ili usije ukatozwa adhabu ya kuchelewa.

Hatua ya nne: kutafuta tundu

Benki haitakuambia mara nyingi namba zako zilivujia wapi, na wakati mwingine yenyewe haijui. Bado aina ya wizi hutoa dokezo. Msimbo wa usalama uliomo ndani ya mstari wa sumaku ni tofauti na zile tarakimu 3 zilizochapwa nyuma ya kadi, au 4 mbele kwa kadi za American Express. Kwa hiyo kadi iliyonakiliwa na kutumiwa dukani au kwenye mashine ya fedha inaashiria kifaa cha kunakili kilichobandikwa kwenye mashine uliyopita, ilhali ununuzi wa mtandaoni uliohitaji tarakimu zilizochapwa unaashiria ukurasa bandia, mtu aliyeishika kadi yako, au tovuti halisi iliyopandikizwa msimbo wa wizi kwenye ukurasa wa malipo, kama ilivyowapata wateja wa British Airways mwaka 2018. Wafanyabiashara hawaruhusiwi kuhifadhi tarakimu hizo baada ya malipo kuidhinishwa, hivyo hifadhidata ya duka inayoendeshwa kwa kufuata kanuni haipaswi kuwa nazo. Dokezo hili si ushahidi kamili, kwani yapo maduka yasiyoziuliza kabisa.

Duka kubwa si kinga. Mwaka 2013 wezi walichukua taarifa za kadi zipatazo milioni 40 kutoka mashine za malipo za maduka ya Target, Marekani, baada ya kuingia kwa kutumia taarifa za mkandarasi wa mitambo ya kupooza hewa. Na hata kadi ambayo haijatoka kabatini inaweza kushambuliwa: tarakimu za mwanzo hutambulisha benki, ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia kwa kanuni ya hesabu ya Hans Peter Luhn, na mitambo huweza kukisia zilizobaki pamoja na tarehe ya kuisha hadi ipate inayokubali. Mwenye kadi iliyokisiwa hivyo hana kosa alilolifanya, wala hana tabia ya kubadilisha.

Hatua ya tano: ikiwa kilichoibwa ni zaidi ya kadi

Namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na anwani haviwezi kufutwa na kutolewa upya kama kadi, navyo humwezesha mtu kukopa kwa jina lako. Uvujaji wa Equifax, taasisi ya taarifa za mikopo ya Marekani, uliotangazwa mwaka 2017 uligusa watu wapatao milioni 147 kwa namna hiyo. Omba ripoti yako kutoka taasisi za taarifa za mikopo zinazofanya kazi mahali ulipo, uikague mstari kwa mstari, na uombe tahadhari ya ulaghai au kuzuiwa kwa ripoti hiyo, yaani wakopeshaji wapya wasiweze kuisoma, ikiwa sheria inaruhusu. Marekani kizuizi hicho hakina malipo tangu Septemba 2018, ila lazima uombe katika kila taasisi peke yake. Toa taarifa polisi na uchukue nakala, kwa sababu wakopeshaji watakuomba. Barua ya deni usilolijua ijibiwe upesi na kwa maandishi, ukikana deni na kuomba ithibati.

Miezi inayofuata, na benki ikikataa

Washa arifa za kila muamala, kuanzia kiasi cha chini kabisa. Tumia kadi moja yenye ukomo mdogo, au namba ya muda kama benki inaitoa, kwa ununuzi wa mtandaoni, na usiweke akiba yako katika akaunti ambayo kadi inaifikia. Kadi ya zamani ikatwe kupitia kwenye chipu.

Tarajia wimbi la pili. Majina ya waliokwisha kuibiwa huuzwa, na atakuja mtu mwenye lugha ya kisheria akidai anaweza kuzikomboa fedha zako kwa ada ndogo ya kutanguliza, au akitaka uweke programu inayomruhusu kuiona skrini yako. Anayedai ada kabla ya kurudisha fedha zilizoibwa ni mwizi mwingine, na mara nyingine ni yule yule.

Benki ikilikataa dai, usiishie kwenye jibu la simu. Omba sababu kwa maandishi pamoja na ushahidi ilioutegemea: kifaa kilichotumika, njia ya uthibitisho, mahali na saa. Wasilisha malalamiko rasmi ndani ya benki ukijibu kila sababu, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba saa ya muamala simu yako ilikuwa imepoteza mtandao, kisha omba barua ya uamuzi wa mwisho. Msuluhishi wa migogoro ya fedha au msimamizi wa mabenki, mahali alipo, kwa kawaida ataiomba barua hiyo kwanza kabla ya kulifungua shauri, na muda wa kumfikia huanza kuhesabiwa kutoka tarehe iliyoandikwa juu yake.